Kipochi cha mahameli cha Wairokwoi: bapa cha kale, cha shanga zilizoinuka, au kipya cha fundi wa leo?

Ukitafuta mnadani kipochi cha mahameli kilichodariziwa shanga na wanawake wa Kiirokwoi, utaletewa vitu vitatu visivyofanana. Cha kwanza ni cheusi, kina maua ya rangi nyingi yaliyolala bapa, na muuzaji anasema ni cha miaka ya 1850. Cha pili kilikuwa cha zambarau, sasa kimekaribia kahawia, na shanga zake nyeupe angavu zimesimama juu ya kitambaa hadi kidole kinazikwaa. Cha tatu kinang'aa, kimeshonwa mwaka jana, na bei yake imewapita wazee wote wawili. Hakuna feki hapo. Vyote vimetoka kwenye mikono ya watu walewale, na ndiyo maana uchaguzi unasumbua.

Haya nimeyaandika kwa ajili ya msomaji anayeishi Buffalo, Syracuse, Toronto au Montreal, miji yenye familia nyingi za Kiswahili kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, na iliyo jirani kabisa na ardhi za watu hawa. Yatamfaa pia aliye nyumbani ambaye ana ndugu huko na anaulizwa, "Nikuletee nini?"

## Wenyewe ni nani

Wairokwoi, ambao hujiita Haudenosaunee, ni muungano wa mataifa sita: Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga, Seneca na Tuscarora. Hao wa mwisho walijiunga mwanzoni mwa miaka ya 1700. Nchi yao ya asili ni sehemu kubwa ya jimbo la leo la New York. Sasa wako pande zote mbili za mpaka wa Marekani na Kanada, na wengine wako Wisconsin na Oklahoma. Kabla ya shanga za kioo walipamba kwa miiba ya nungu na kwa kombe za baharini. Kioo kililetwa na wafanyabiashara wa Ulaya, na wanawake wakakichukua wakakifanya chao.

Vipochi vyenyewe ni zao la biashara. Mwaka 1779 jeshi la Marekani lilichoma vijiji vyao kwa makumi pamoja na mashamba ya mahindi, kisha mkataba baada ya mkataba ukamega ardhi iliyobaki. Mfereji wa Erie ulipofunguliwa mwaka 1825, watalii walianza kumiminika kwenye Maporomoko ya Niagara, tena ilikuwa enzi ambayo mwanamke wa mjini alitembea na kipochi kidogo mkononi. Wanawake wa Kiseneca na Kituscarora wakaliona soko. Watuscarora husimulia kwamba familia ya Porter, iliyomiliki ardhi ya kando ya maporomoko, iliwapa wanawake wao haki ya kuuza pale kama shukrani, kwa sababu mwezi Desemba 1813 Waingereza walipoivamia Lewiston, kijiji cha karibu na maporomoko hayo, Watuscarora ndio waliowaokoa wakazi. Upande wa mashariki, Wamohawk wa Kahnawake, jirani na Montreal, waliuza mjini humo na kwenye maonyesho ya kila aina, Marekani na Kanada.

Nayataja haya mapema kwa sababu wanunuzi wengi wema huogopa kwamba wananunua kitu kitakatifu kilichoibwa. Kipochi hiki kilishonwa kiuzwe. Pesa yake ililisha nyumba. Usikichanganye na mikanda ya wampamu, ile ya shanga za kombe za rangi nyeupe na zambarau, ambayo hubeba mikataba na kumbukumbu za taifa na si bidhaa hata kidogo. Muuzaji akikutolea wampamu ya kale, funga mkoba wako uondoke.

Jambo la pembeni ambalo msomaji wa pwani atalipenda: shanga nyingi zilizofika Niagara karne ya 19 zilitoka Venice na Bohemia, hukohuko zilikotoka shanga zilizojaa maghala ya Unguja na kubebwa na wapagazi hadi Ujiji. Hata leo, mama anayeshona shanga Kajiado na mama anayeshona Tuscarora wanaweza kuwa wanachota kwenye pakiti za kiwanda kimoja cha Kicheki.

## Tutapima kwa nini

Nimeweka vigezo vitano, na kila kipochi kitapimwa kwa hivyohivyo: sura na ushonaji, uimara na utunzaji, matumizi, bei na upatikanaji, na fedha yako inamfikia nani.

Umri sikuuweka, kwa makusudi. Wauzaji huutukuza umri kwa kuwa ndio unaopandisha bei, na mnunuzi huanza kudhani kwamba cha kale ndicho "halisi" na kipya ni nakala. Kazi hii haijakatika. Imepitishwa kutoka kwa mama kwenda kwa binti na shangazi kwenda kwa mpwa, imepungua hapa ikaongezeka pale, na anayeshona leo ni mrithi wake halali. Umri unakwambia namna ya kukitunza kipochi tu.

## 1. Kipochi bapa cha maua, takriban 1840 hadi 1870

Sura na ushonaji. Mahameli ni nyeusi mara nyingi, bitana ni ya pamba, na ukingo umefungwa kwa utepe wa hariri. Umbo ni la pembe sita au karibu na hapo, kama sentimita 15 kwa urefu na kwa upana, na vingi vina vifuniko viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, huku mdomo ukiwa juu katikati yake. Maua yanatoka kwenye shina moja na kutawanyika kwa ulinganifu, na kila jani au petali ina vivuli viwili au vitatu vya rangi moja: buluu iliyokolea, buluu ya kati, buluu hafifu. Geuza upande wa pili utakuta shada jingine, si nakala ya la kwanza. Kwangu mimi hapo ndipo ubora wa fundi unapoonekana, kwa namna alivyoamua rangi ipi ikae kando ya ipi juu ya weusi. Shanga ni ndogo mno, nyingine ndogo kuliko unazoweza kununua dukani leo. Chini yake kuna kiolezo cha karatasi kilichokatwa kwa umbo la ua. Fundi alishona shanga zikakifunika na kukiacha humo humo. Shanga zikidondoka, karatasi inachungulia.

Mtindo huu una jina moja linalojulikana vizuri: Caroline Parker, Mseneca wa Tonawanda. Mwaka 1849 na 1850 mtafiti Lewis Henry Morgan alipokuwa akikusanya vitu vya Waseneca kwa niaba ya jimbo la New York, Caroline alishona na kudarizi mavazi kwa ajili ya mkusanyo huo, na picha yake akiwa amevaa kazi hiyo ipo hadi leo. Baadaye aliolewa na chifu wa Kituscarora, John Mountpleasant, akahamia huko. Sehemu ya mkusanyo iliteketea kwa moto Albany, mji mkuu wa jimbo hilo, mwaka 1911, hivyo vilivyosalia vinatazamwa kwa jicho la pekee. Ila muuzaji akikwambia "hiki kimeshonwa na Caroline Parker" bila karatasi ya kuthibitisha, chukulia amesema "nipandishie bei".

Uimara na utunzaji. Shanga zenyewe kwa kawaida hudumu. Kinachokufa ni vilivyo chini na pembeni yake: uzi wa pamba unaoza, hariri ya ukingo inapasuka vipande vipande, na manyoya ya mahameli yanaisha pale vidole vilipozoea kushika. Kuna pia ugonjwa wa kioo, ambao wengi hawaujui. Shanga iliyotengenezwa kwa kioo chenye magadi mengi kupita kiasi huanza kutokwa jasho ikikutana na unyevu. Inanata, inaota ukungu mweupe, kisha inapasuka na kuula uzi uliomo. Dar, Mombasa au Unguja, hewa ilivyo, kipochi chenye dalili hizo hakitachukua muda mrefu. Kisifuliwe, kisianikwe juani, kisitundikwe ukutani kwa mkono wake. Kilazwe ndani ya sanduku, kimefungwa kwa karatasi laini isiyo na asidi, mbali na vidonge vya nondo.

Matumizi. Kutazamwa. Simu ya leo haiingii, na hata ikiingia, uzi wa miaka 170 hauna kazi ya kubeba simu.

Bei na upatikanaji. Hapa kuna faraja. Vilishonwa vingi, watalii wa Uingereza na Marekani wakavipeleka makwao, na bado vinatoka kwenye madroo ya mabibi na kufika minadani. Vilivyochakaa hupatikana chini ya dola 100. Kizuri, chenye mahameli iliyoshiba na shanga karibu zote, kitakupeleka kwenye mamia ya dola, na cha kipekee kitapita hapo.

Fedha inamfikia nani. Dalali au mwenye mnada. Kwa Wahaudenosaunee haiendi hata senti, isipokuwa muuzaji mwenyewe awe wa kwao, na wapo wakusanyaji wa Kituscarora wanaonunua kazi za bibi zao zirudi nyumbani.

Kinamfaa mtu wa rangi na historia, aliye na droo kavu na subira. Hakimfai anayetaka kuonekana nacho harusini.

## 2. Kipochi cha shanga zilizoinuka, takriban 1880 hadi 1930

Sura na ushonaji. Fundi anakata karatasi au kadibodi kwa umbo la jani lenye upana wa, tuseme, sentimita mbili. Kisha anatunga kwenye uzi safu ya shanga yenye urefu unaozidi sentimita mbili, na kuishona ncha moja kwenye ukingo mmoja wa jani na ncha ya pili kwenye ukingo wa pili. Kwa kuwa shanga zimezidi nafasi, mstari unainuka na kuwa tao. Anashona tao la pili kando ya la kwanza, la tatu, la kumi, hadi jani lote linavimba kama andazi. Wengine huongeza tabaka chini. Mkono ukipita juu unasikia milima na mabonde.

Shanga za kipindi hiki ni kubwa kidogo, na zisizo na rangi zimetawala, zikichanganywa na njano, kijani, buluu au waridi. Mahameli au sufu ni ya zambarau, nyekundu au waridi kali. Ndege ni wengi, majani ni mengi, na kuna tunda moja ambalo Wahaudenosaunee hawalichoki: stroberi. Kwao ni tunda la kwanza la mwaka, ni dawa, na lina sherehe yake. Katika masimulizi yao ya Mwanamke wa Angani aliyeanguka kuja duniani, yeye ndiye aliyekuja nalo. Kwa hiyo mtalii alinunua pambo zuri, na mshonaji alijua ameuza kitu chenye maana kwake. Nusu duara lenye vikonyo viwili vinavyojikunja juu yake ni anga, na mmea unaoota hapo ni mti wa mbinguni. Mnunuzi wa 1890 hakuambiwa.

Wafanyabiashara hupenda kutenganisha "Kimohawk" na "Kituscarora" kwa rangi na ndege. Dalili zipo, lakini familia zilioana na mafundi walisafiri, na walipokutana kwenye maonyesho walitazamana kazi. Palipoandikwa kwa shanga "Montreal" au mwaka, umepata msaada wa kweli. Pasipoandikwa kitu, bei isipandishwe kwa sababu ya jina la taifa peke yake.

Uimara na utunzaji. Ushonaji huu una udhaifu wake. Tao limeshikwa ncha mbili tu, kwa hiyo uzi ukikatika, safu nzima inamwagika, tofauti na shanga bapa ambazo mara nyingi zimebanwa kwa karibu zaidi. Mapengo husambaa. Zambarau ya mahameli, hasa ile iliyotiwa rangi za kiwandani zilizoenea baada ya 1856, inachuja hadi inakuwa kahawia ya chai. Chungulia chini ya kifuniko au kwenye mshono uone rangi ya awali. Vumbi linaingia kati ya matao na halitoki kirahisi, na kisafishio chochote chenye maji kitailowesha kadibodi iliyo ndani, ivimbe na kuzikata nyuzi. Nondo wanapenda sufu. Kwa upande mwingine, kioo kisicho na rangi cha enzi hii mara nyingi kiko katika hali nzuri, na kitambaa chake hakijazeeka kama cha miaka ya 1850.

Matumizi. Kwenye rafu au ndani ya fremu yenye kina, kinapendeza kuliko kile bapa, maana mwanga wa pembeni unakiamsha. Kuvaliwa mara moja kwa mwaka kunawezekana kama uzi ni mzima, lakini epuka leso, lesi na sweta: tao moja likinasa kwenye kitambaa utaokota shanga chini hadi usiku.

Bei na upatikanaji. Ndicho rahisi kuliko vyote kupata, pamoja na ndugu zake: mito ya kuchomekea pini, viatu vidogo vya ukutani, fremu za picha, mioyo. Kwa kawaida bei huanza chini kuliko ya kipochi bapa chenye hali sawa. Sababu moja ni dharau ya zamani. Kwa miaka mingi wataalamu wa makumbusho waliita kazi hizi takataka za watalii na kuzipita. Mtazamo umebadilika, hasa baada ya maonyesho makubwa ya kazi hizi yaliyofunguliwa katika Makumbusho ya McCord, Montreal, mwaka 1999, yaliyoandaliwa pamoja na Wahaudenosaunee wenyewe. Bei bado haijalipa fidia yote ya dharau hiyo.

Fedha inamfikia nani. Kama hapo juu: mwenye mnada.

Kinamfaa anayeanza kukusanya, anayetaka kuelewa namna kitu kilivyoshonwa, na mwenye sebule inayohitaji kitu kimoja cha kuanzisha mazungumzo.

## 3. Kipochi kipya kutoka kwa fundi aliye hai

Sura na ushonaji. Fundi wa leo anazijua njia zote mbili na hachagui kwa lazima. Ataweka ukingo bapa na stroberi zilizoinuka katikati, au kazi yote iliyoinuka kwa rangi ambazo bibi yake hakuwa nazo. Shanga ni za Kicheki au za Kijapani, na kumbuka namba zinakwenda kinyume: namba 11 ni ndogo kuliko namba 8. Uzi ni wa nailoni au poliesta, mahameli ni mpya. Kwa kuonja kiwango chake, tafuta picha za kazi za Karen Ann Hoffman, Moneida wa Wisconsin, aliyepewa mwaka 2020 heshima ya kitaifa ya mafundi wa jadi nchini Marekani kwa kazi ya shanga zilizoinuka. Si lazima fundi wako awe na tuzo. Wengi wazuri hawajulikani nje ya jamii yao.

Uimara na utunzaji. Kati ya vitatu hiki ndicho imara, bila ubishi. Tao linabaki tao, kwa hiyo tahadhari ya kunasa haijaondoka, na mahameli haipendi mvua wala mafuta ya mikono. Uzuri ni kwamba kikiharibika, aliyekishona yupo na anaweza kukirudishia.

Matumizi. Kubebwa. Unaweza kuagiza kwa ukubwa wa simu yako, chenye mkono mrefu wa begani au mnyororo. Kwenye sherehe hakuna wa pili atakayekuja nacho.

Bei na upatikanaji. Hapa mfuko unalia. Kazi iliyoinuka hula saa nyingi sana kwa kila sentimita, na bei ya mamia ya dola, hata kupita elfu kwa kazi kubwa, ni ujira wa saa hizo. Usiende na moyo wa Kariakoo. Kuomba punguzo kwa mshonaji ni kumwambia saa zake ni nyingi mno. Kama bajeti ni ndogo, omba kitu kidogo, mfano hereni au pochi ya sarafu. Subira pia inahitajika, maana fundi mzuri ana foleni.

Mahali pa kuanzia ni pengi: duka la Makumbusho ya Iroquois huko Howes Cave, New York, Ganondagan karibu na Victor, palipokuwa mji wa Waseneca, Woodland Cultural Centre huko Brantford, Ontario, jirani na ardhi ya Wahaudenosaunee iitwayo Six Nations, na Maonyesho ya Jimbo la New York yanayofanyika Syracuse mwishoni mwa Agosti, ambako mataifa sita yana kijiji chao. Mkazi wa Syracuse ana nafasi ya pekee, kwani ardhi ya Onondaga iko kusini tu mwa mji.

Fedha inamfikia nani. Mshonaji, mkononi. Kwa wanunuzi wengi hoja hii inamaliza mjadala, na ninawaelewa, ingawa simshushi anayeokoa kipochi cha 1860 kisiishie kwenye dampo.

Kinamfaa anayetaka kukitumia, anayemnunulia mtu zawadi, na anayependa kujua jina la aliyekishona.

## Kabla hujatoa pesa

Kwa vya kale, omba picha za ndani, za bitana na za ukingo. Muuzaji anayepiga picha ya mbele tu ana sababu. Uliza kama shanga zinanata. Uliza kama kuna ukarabati, maana shanga mpya zenye ukubwa mmoja usiobadilika katikati ya zile za kale zinajisema zenyewe. Na usichukulie kila mahameli yenye shanga kuwa ya Kiirokwoi: watu wa Wabanaki wa mashariki, kama Mi'kmaq na Penobscot, walishona vipochi vyao vizuri, na vikonyo vyao vinavyojikunja pande mbili huwachanganya hata wazoefu. Wanawake wa Kizungu wa enzi ileile nao walidarizi kwa shanga majumbani.

Kwa vipya, shanga zilizobandikwa kwa gundi ni kazi ya kiwandani, basi. Uliza jina la fundi na taifa lake. Marekani ina sheria ya mwaka 1990 inayokataza kuuza kitu kwa kudai kimetengenezwa na Mwenyeji wa Asili wakati sivyo. Mtu binafsi kwa kosa la kwanza anaweza kutozwa hadi dola 250,000 au kufungwa hadi miaka mitano. Kwa hiyo angalia maneno. "Kwa mtindo wa Kiirokwoi" ni sentensi ya mtu anayeikwepa sheria hiyo. Ukinunua Kanada usiitegemee sheria hiyo, huko tegemea jina la mshonaji na duka la jamii yenyewe.

## Kwa hali yako

Ni zawadi ya harusi, na bibi harusi atakibeba: kipya, na agiza miezi kadhaa kabla. Mwambie fundi ni ya harusi. Ana maua na rangi za kukupendekezea.

Una dola 150 na unataka kitu cha kweli, si lazima kikubwa: kipochi cha shanga zilizoinuka chenye mapengo machache, au hereni mpya kutoka kwa mshonaji. Vyote viwili ni ununuzi mzuri. Kama una watoto wadogo nyumbani, chukua hereni.

Unakipeleka pwani ya Afrika Mashariki kikae huko: epuka cha kale chenye dalili yoyote ya kunata, hata kikiuzwa bei ya kutupa. Kipya kitastahimili, na kile cha matao chenye kioo kikavu kinaweza, kikiwekewa sanduku na vifuko vya kunyonya unyevu. Kisafiri nawe kwenye begi la mkononi, si kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege.

Unapenda historia ya rangi na mikono ya wanawake wa karne ya 19: kipochi bapa. Afadhali kimoja kizuri kuliko vinne vilivyochoka. Nenda kwanza makumbusho ukaviangalie vilivyo vizima, jicho lizoee, ndipo uingie mnadani.

Wewe mwenyewe ni mshonaji wa shanga, wa mikufu na kofia na mikanda, na unataka kujua matao yale yanasimamaje: nunua cha matao kilichoharibika, kadiri kilivyobomoka ndivyo bei inavyoshuka na ndivyo kiolezo cha karatasi, mpangilio wa nyuzi na hesabu ya shanga vinavyoonekana. Jaribu kwenye kipande cha mahameli kwa uzi wa nailoni na shanga namba 8 kabla ya kushuka kwenye ndogo. Ukifika siku ya kuuza, uza maua yako kwa jina lako, na stroberi na anga zao waachie wenyewe.